Boksi la Besi la Mama Mkwe

Mpendwa Mama mkwe,

Usigeuze uso. Hii ni barua tu, haina macho. Najua ungekuwa hai ungeishika kwa ncha za vidole, ukampa binti yako Kokugonza aifungie kabatini, maana tangu lini mkwe akamwandikia mama mkwe wake moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu? Lakini uliondoka ukiwa mzee uliyeshiba miaka, na mimi sasa nina mvi mpaka kwenye nyusi, na wajukuu zako wananiambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Basi leo naongea na wewe. Nikikosa adabu utanichapa tukionana.

Kwanza niseme lile linalonifanya niandike, maana nikianza kucheka nitalisahau. Ulinipa binti yako wakati hakuna mtu Bakoba wala Kashozi aliyetaka kunipa hata kuku. Unaikumbuka miaka ile. Vita vilikuwa vimekwisha, watu wamerudi kwenye vibanja vyao, tukasema sasa tupumue, kumbe silimu, huu ukimwi wa leo, nayo imeshapiga hodi. Kwetu ilimchukua kaka yangu, kisha shemeji, na baada ya hapo watu wakifika mbele ya nyumba yetu wanahamia upande wa pili wa njia. Posa yangu ilirudishwa mara mbili na wajomba zake Kokugonza. Wewe ndiye uliyesimama kikaoni, mwanamke peke yako katikati ya wazee wa ukoo, ukasema, "Ugonjwa si ukoo. Mimi kijana huyu nimemkubali." Halafu ukakaa, na posa ikapokelewa. Sikuwepo, nilisimuliwa. Tangu siku hiyo nilikuwa na neno moja la kukuambia, na nilikaa nalo miaka minane.

Miaka minane! Mgeni akisikia atasema huyu fundi ni mzembe wa shukrani. Hajui jinsi nilivyofungwa mikono na miguu.

Kamba ya kwanza ilikuwa mila. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hakai naye kiti kimoja. Wenzako, hasa wa mjini, walishaanza kulegeza. Wewe? Thubutu! Nikitokea tu kwenye kibanja chako, wewe unapotelea jikoni kwa mlango wa nyuma. Ukitaka kuniambia kitu unamwambia mbuzi. "Wewe mbuzi, mwambie huyo anayepita kwamba mkungu wake uko nyuma ya nyumba, asije akauacha." Na mimi nauchukua mkungu, namshukuru mbuzi, naondoka. Mbuzi yule alijua siri nyingi za familia yetu kuliko padri.

Kamba ya pili ilikuwa masikio yako. Bomu lilipoanguka bondeni wakati mnakimbia vita, halikukugusa hata unywele, ila tangu siku hiyo dunia ikanyamaza. Ukajifunza kuwasikia watu kwa kuwatazama midomo. Kokugonza alikuwa anasimama mbele yako, anapanua maneno polepole, na wewe unajibu kila kitu, pamoja na umbeya ambao hukuambiwa ila uliuona ukipita kwenye midomo ya majirani ng'ambo ya barabara. Sasa ona balaa langu: wa kusikiwa na wewe ilibidi mtazamane usoni, na mimi uso wako ulikuwa mwiko. Nilimtuma Kokugonza na shukrani zangu. Alirudi akasema, "Amesema amesikia." Mimi sikuridhika. Nilitaka neno lile litoke kinywani mwangu, nawe ulipokee mwenyewe.

Masikio hayohayo ndiyo yaliyokutoa kwenye harusi. Wazee wanasema kabla ya vita hakuna bibi arusi aliyetoka nyumbani kwao, kuanzia Kashozi mpaka Kaagya, bila wewe kuanzisha wimbo. Baadaye ukabaki kwenda misibani tu. "Msibani huhitaji masikio," ulimwambia Kokugonza, "machozi yanaonekana." Na misiba ilikuwepo ya kutosha. Ulikuwa unakunja mkeka wako Jumatatu, unaukunjua Alhamisi.

Na mimi nilikuwa seremala, unajua mbao za miaka ile zilikuwa zinaelekea wapi. Nilichoka, mama. Nilitamani kutengeneza sanduku moja tu ambalo mtu akiliona atacheka. Ndipo akaja mnunuzi mmoja wa samaki kutoka visiwa vya Muleba, ana mke mpya na hana kitanda cha maana, ila ana spika ya inchi kumi na tano aliyoinunua kwa mbwembwe halafu akakuta kisiwani hakuna umeme wa kuiendesha. Tukabadilishana. Nilipoiingiza ndani Kokugonza aliigeuza huku na huku, akauliza, "Umetoa kitanda kizima kwa sufuria lenye karatasi?"

Nikamwambia hii nitaijengea boksi, nitalifunga kwenye pikapu yangu ya kubebea mbao, Jumamosi tutakuwa tunapeleka muziki harusini. Siku hizi vijana wanaliita sabufa na wanalinunua dukani likiwa na rimoti. Sisi tulisema boksi la besi, na ulilijenga mwenyewe au ulikosa.

La kwanza nililijenga kama kabati la nguo: plaiwudi nyembamba, vanishi ya kujiona. Nilipowasha, likakohoa. Lilitetemeka lote mpaka skrubu zikaanza kutoka zenyewe, moja baada ya nyingine, na Kokugonza akaziokota akanikabidhi bila kusema kitu, jambo ambalo kwa Kokugonza ni tusi. Hapo nikajua besi haitaki urembo. Inataka mbao nzito, na haitaki upenyo. La pili nililitengeneza kwa mvule wa unene wa vidole viwili. Maungio nikayajaza gundi niliyoichanganya na vumbi la randa, ndani nikabandika vipande vya godoro kuukuu, na usoni, chini ya spika, nikaacha tundu moja la pumzi, saizi ya kopo la maziwa. Kisha nikawasha muziki, nikapitisha kiberiti kilichowaka kwenye kila ungio. Pale moto ulipocheza, nikajua upepo unatoroka, nikaziba.

Nililifunga nyuma ya kabini, likalala kukingama upana wote wa bodi, boliti nne, na chini yake nikatandika mpira wa tyubu za baiskeli ili mtikisiko usishuke kwenye chuma. Waya ukapita dirisha la nyuma hadi kwenye redio kaseti. Lilipokamilika lilikuwa pana na imara kama benchi la kanisani. Naapa sikulitengeneza ili mtu alikalie.

Halafu akafariki binamu yako kule Muleba, ukahitaji usafiri. Kokugonza akakuonyesha kiti cha kabini. Ulikitazama kiti, ukanitazama mimi kisogoni, ukapanda nyuma. Kwenye kabini na mkwe? Bora utembee kwa miguu! Ukatandika mkeka wako juu ya boksi, ukakaa, mgongo kwenye kabini, miguu umeinyoosha juu ya tairi la spea, na ndivyo tulivyokwenda kuzika, kimya na kwa heshima zote.

Wakati wa kurudi ndipo shetani alipopanda gari. Jua lilikuwa bado juu. Kokugonza alikuwa anahamisha kikapu cha ndizi tulizopewa, mpini ukagonga kitufe cha redio, na humo ndani kulikuwa na kanda ya harusi ya Jumamosi iliyopita. Mawe, mama wee! Ngoma zikalipuka. Tumetoka kuzika muda huohuo, mkwe anaendesha, mama mkwe yuko juu ya besi! Watu waliokuwa wanapalilia kando ya barabara wakasimama na majembe hewani. Nikakipiga kile kitufe kama napiga nyoka, muziki ukakatika, jasho likanitoka. Papo hapo nikasikia paa la kabini linagongwa. Pa! Pa! Pa!

Nikasimamisha gari. Nilijua nimekwisha. Nilikaa nimeshika usukani, natazama mbele kama askari kwenye gwaride, nasubiri unirudishie mahari.

Ukasema, kwa ile sauti yako ya juu ya mtu asiyejisikia, "Wewe tairi!"

Ukagonga paa mara nyingine.

"Wewe tairi, nakuuliza. Nani amekuambia unyamaze?"

Kokugonza alinitazama, mimi nikamtazama. Akafungua mlango, akaja kwako, akakuuliza kwa midomo kuna nini. Nasi sote tukasikia jibu lako, hata wale wa majembe. Ulisema, "Hili sanduku lina ngoma. Imeniingia hapa," ukajipiga kiunoni, "ikapanda hapa," ukajipiga kifuani. "Hii ni ngoma ya kutoa bibi arusi. Naijua. Waambie waniletee tena."

Niliwasha. Kidogo kidogo, kwa woga. Paa likagongwa tena, nikaongeza. Kokugonza alibaki nyuma na wewe, na baadaye alinieleza kwamba ulikuwa umebandika viganja vyote viwili kwenye ubao na unalia huku unacheka, na hukutaka kufutwa machozi. Kutoka pale hadi Kashozi tuliendesha tukipigiwa kelele za lawama na watu wote wenye adabu zao, na mimi nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Tangu nimwoe binti yako, ilikuwa mara ya kwanza kitu kutoka kwangu kukufikia wewe bila kupitia kwa mbuzi.

Sasa, Kemilembe. Kitinda mimba wako alikuwa ameposwa, siku imepangwa, na wewe umekataa kuimba. "Nitaimba vipi? Nitakuwa mbele ya ngoma au nyuma yake, watu watanicheka." Yeye naye, ukaidi wa kwenu ameurithi wote, akasema bila wimbo wa mama yake hatoki ndani ng'o, na upande wa bwana arusi wakitaka waoe nyumba pamoja na bibi arusi ndani yake. Wajomba walikuwa wanakuja na kurudi. Siku ya barabara ya Muleba ilipopita, mimi nikamwambia Kokugonza, mwambie mama harusi iko juu yangu. Akacheka, "Juu yako au juu ya tairi?"

Nililifungua boksi upya. Kwa wiki mbili nililifanyia kazi, na namna nilivyolifanyia sijawahi kumfundisha fundi yeyote. Nilijiziba masikio kwa pamba, nikafunga na kitambaa juu, nikalikalia. Kila nilipobadilisha tundu la pumzi, nikilipunguza, nikiliongeza, nilikuwa nasikiliza kwa makalio. Samahani sana, neno hilo halisemwi mbele ya mama mkwe, lakini nitaliitaje na ndilo lililofanya kazi? Muziki uliokuwa mzuri masikioni haukuwa mzuri huko chini. Ule mtamu ulikuwa unapotea, ule mzito ndio unabaki. Nikaongeza ubao wa juu. Halafu nikafanya jambo ambalo fundi yeyote wa muziki angenicheka: niliitoa ile mipira ya tyubu. Wenzangu wanatandika mpira ili mtikisiko usishuke, mimi nikaunganisha boksi na chuma, ubao kwa bati, ili ushuke wote.

Siku ya harusi niliingiza pikapu kwa nyuma mpaka uani kwako, katikati ya migomba. Wapiga ngoma wakakaa chini, mimi nikafunga kipaza sauti kwenye ubavu wa ile engoma kubwa, waya ukaingia kwenye amplifaya, amplifaya ikaingia kwenye boksi. Mpigaji akipiga, boksi linajibu papo hapo. Kokugonza akakupandisha. Ukatandika mkeka wako. Watu wakaanza kunong'ona, maana mama wa bibi arusi anakaa ndani, si kwenye gari kama gunia la kahawa.

Na mimi? Mkwe hamtazami mama mkwe akikaa, sembuse akicheza. Nilikaa kwenye usukani, uso mbele, na kwa heshima nikakigeuza kioo cha ndani kikatazama juu. Nilichokiona ni majani ya mgomba na kipande cha mawingu.

Ngoma ikaanza. Ukakaa nayo kwanza, hujaimba, muda mrefu mpaka nikaingiwa na hofu kwamba waya umekatika. Halafu sauti yako ikatoka. Mama, mimi sikuwahi kukusikia ukiimba. Miaka minane ya ukwe, nilichokijua ni sauti ya kumgombeza mbuzi. Ilitoka ikiwa na kutu kidogo, ikapiga mstari wa kwanza, na ikatua juu ya ngoma palepale, haikuwa mbele wala nyuma. Ulipofika mstari wa pili wanawake wa rika lako wakapasuka kwa vigelegele na salamu za sifa, "Kasinge! Kasinge!" na wakaitikia wote kwa pamoja, na nikamsikia mzee mmoja akisema, "Amerudi."

Kisha gari likainama.

Nilidhani springi imekatika. Likainama upande mwingine. Likarudi. Ndipo nikaelewa. Umevua viatu, umesimama kwenye bodi, unacheza peku juu ya lile bati nililolitolea mpira. Watu wote walikuona, majirani, wajomba, padri na wale wa bwana arusi, na mpaka leo wanasimulia mikono yako ilivyokuwa. Mimi niliijua ngoma yako kwa springi za pikapu. Kila ulipokanyaga kiti changu kilipanda, kila ulipozunguka usukani ulinivuta kidogo. Nililia pale ndani, mwanaume mzima, na sikuona haya hata kidogo.

Kemilembe akatoka. Alitoka akikimbia, shela mkononi, watu wanamwambia tembea polepole, bibi arusi hakimbii, akaja akakumbatia miguu yako juu ya gari.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijamwambia mtu. Watu wote wanajua kwamba siku ile mkwe alikaa na adabu yake na hakutazama. Nimesifiwa kwa hilo hata vikaoni. Mama, ni uongo, na wewe unajua ni uongo.

Wimbo ulipokwisha, wanawake wakamchukua Kemilembe, na umati ukamfuata kuelekea barabarani. Uani pakabaki magari na kuku. Mpiga ngoma mkubwa alikuwa bado anagonga polepole, bila haraka. Sijui ni nini kilinipata. Mkono ulipanda wenyewe, ukakishika kioo, ukakishusha, upana wa kidole tu. Migomba ikaondoka. Ukaja wewe. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya boksi, viganja juu ya ubao, uso umeuelekeza kabini, nyuma ya dirisha. Na macho yako yalikuwa tayari kwenye kioo, yananingojea.

Hukugeuka. Ningetegemea ugeuke. Ulikuwa unatazama midomo yangu.

Nikafanya kama Kokugonza anavyofanya. Nikaipanua polepole. "Asante, mama." Sikutoa sauti, ya nini? Nikaona neno limekufika, kwa namna kidevu chako kilivyotetemeka. Nikaongeza na la pili, kwa kuwa nafasi kama ile hairudi. "Kwa kunikubali."

Halafu ukainuka, ukajikung'uta magoti, ukavaa viatu kimoja kimoja, ukamgeukia yule rafiki yetu aliyelala kwenye bodi.

"Tairi," ulisema, "mimi sijaona kitu. Na wewe hujaona kitu."

Nikakirudisha kioo juu.

Tuliishi miaka mingine mingi baada ya hapo, na hukuwahi kunitazama tena. Ulirudi jikoni kwako kwa mlango wa nyuma, na mbuzi, au mjukuu wa mbuzi yule, akaendelea na kazi yake ya ukarani. Uliimba harusi ngapi juu ya boksi lile? Watu walikuwa wanakuja Bakoba kuulizia pikapu ya mama anayeimba, mimi mwenye pikapu hawanijui. Na katika miaka ile, mama, ya kuzika na kuzika tena, nadhani ndizo siku watu walizokumbuka kwamba wana miguu.

Boksi lipo, liko sebuleni. Mvule hauozi. Wajukuu zako wanalikalia wakitazama mpira, na mimi pia, maana besi imenilipa: masikio yangu sasa ni kama yako. Mkwe wangu mwenyewe, mume wa binti yetu, ananisogelea uso kwa uso na kupanua mdomo, "Ba-ba, cha-ku-la," hana aibu hata chembe. Namwelewa vizuri. Nampenda kwa hilo.

Kokugonza ameshafika hapa begani kwangu na miwani yake, anasoma. Amefika kwenye kioo. Amenipiga na khanga, "Mawe! Miaka yote hii?" na sasa amekaa kwenye boksi anacheka mpaka anashika mbavu. Mama, umbeya huu umetuponyoka. Naomba unisamehe mimi, lawama zote mpe tairi.

Pumzika vizuri huko uliko. Kama kuna ngoma, natumaini unaisikia kwa masikio sasa, na kama bado, waambie waniwekee nafasi ya karakana, nakuja na randa yangu. Pikapu imekwisha kitambo, lakini tairi lile la spea nimeliweka nyuma ya nyumba, limeota nyasi katikati. Kila asubuhi nikipita nalisalimia.

Mkweo,
yule asiyekutazama